Spana ya Basili

Jumatatu, 7 Julai 2025

Tabibu Idd wa zahanati kanipima moyo. Kasema nipumzike, na kama kuna mambo ya kumaliza, niyamalize. Kijana mstaarabu. Alianza na “shikamoo, Mwalimu.”

Ninalo jambo moja. Liko chini ya godoro: spana ya T namba kumi, mali ya jirani yangu Basili. Niliichukua mwaka 2006, alipotoka kunawa mikono tule ugali. Aliichora herufi B kwa tupa. Nikaichonga ionekane kama 8. Tangu hapo nimejidanganya mwenyewe mara nyingi: naipeleka kwenye bolti za namba nane, haikamati.

Siwezi kufa na spana ya mtu. Nitairudisha kesho.

Jumanne, 8 Julai

Sijairudisha. Pikipiki yangu haijawaka miezi mitatu, kabureta imeziba. Nataka niisikie mara moja tu kabla sijaondoka duniani. Kabureta imefungwa kwa bolti mbili za namba kumi. Nirudishe spana leo, kesho niende kuiazima? Tena Basili haazimi mtu chombo tangu ile ipotee. Jumuiya yetu ikikutana kusali, yeye humwombea mwizi wa spana aguswe moyo. Nami huitikia na wengine: twakuomba utusikie. Miaka kumi na tisa. Sauti yangu huwa kubwa kuliko zote.

Alhamisi, 10 Julai

Siku mbaya, ila imekwisha vizuri.

Padre Cornel alikuwa anakuja kunipa mpako wa wagonjwa. Binti yangu Marieta akaandaa meza chumbani: kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa. Kisha akaenda kuchota maji. Kabureta nilikuwa nimeshaifungua tangu asubuhi. Meza safi namna ile, tena karibu na dirisha. Fundi gani angeiacha? Nikapanga vitu pale: boya, skrubu ya hewa, jeti. Padre akafika nusu saa kabla. Nikafunika yote kwa pembe ya kitambaa. Jeti ikadondoka.

Jeti, kile kipande chenye tundu la kupitisha petroli, ni ndogo kuliko punje ya ngano. Nikapiga magoti kuitafuta. Padre akasema mgonjwa anaruhusiwa kuungama akiwa amelala. Nikamwambia hapana, Padre, huku chini ndiko kwenyewe. Nikaungama habari ya spana huku napapasa sakafu. Nikaiona jeti chini ya kiatu chake. Nikakishika kiatu kwa mikono miwili, nikamsihi anyanyue mguu. Machozi yakamlengalenga. Akasema tangu apewe upadre hajaona toba kama hii.

Kitubio: nirudishe spana kwa mkono wangu mwenyewe kabla ya Jumapili.

Kitambaa kinanuka petroli. Marieta hasemi na mimi.

Jumamosi, 12 Julai

Kabureta imerudi mahali pake. Bolti ya mwisho niliikaza polepole, kwa kuagana. Ila mguu wangu hauwezi tena kupiga kiki. Nikamtuma Marieta kwa Basili.

Akaja na fimbo na boksi lake la vifaa. Huenda nalo kila mahali, hata msibani. Nikampa spana. Nikamweleza yote, hata ile 8. Akaifuta kwa shati, akaiweka kwenye boksi. Kisha akasema anajua tangu mwaka uleule. Mwalimu ana nyundo na bisibisi tu, lakini pikipiki yake haina bolti hata moja iliyolegea, nani asingeelewa?

Nikamuuliza mbona basi aliendelea kuomba kwenye jumuiya.

"Nilitaka kukusikia ukiitikia, Mwalimu. Burudani nyingine hapa Nangwa iko wapi?"

Akaweka fimbo chini, akapiga kiki. Mara ya tatu ikawaka. Tukasimama tunaisikiliza, wazee wawili. Ilinguruma taratibu, bila kukohoa. Basili akainamisha sikio, akasema valvu zinagonga. Akatoa kipimo chake, vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi ya valvu, akaniachia nipime mwenyewe injini ikishapoa. Nikirudishe kesho, baada ya misa.

Moyo wangu mweupe kama kile kitambaa kabla ya Alhamisi.

Jumapili, 13 Julai

Kipimo ni chombo kizuri mno. Vibamba kumi na vitatu, hakuna hata kimoja chenye kutu. Kinakaa chini ya godoro bila kuumiza mgongo, tofauti na spana.

Basili amepita akitoka misa. Nimemwambia alikirudisha mwenyewe kwenye boksi, nilimwona. Nikamwonea huruma. Uzee huo. Ameliangalia godoro langu muda mrefu. Akasema Jumatano jumuiya inasali kwake, nisikose.

Nimemwambia Marieta moyo umeanza tena, amwite Padre. Lakini si kabla ya Alhamisi. Valvu bado.