Mchango Wangu wa Msaragambo ni Intaneti

Jumatatu, 14 Julai 2025. Same mjini.

Kuanzia saa saba na dakika kumi mchana wa leo, mimi Eliamini ndiye mtu muhimu kuliko wote kati ya stendi ya Same na kilele cha Shengena. Naandika mapema ili wajukuu wasije wakabishana. Nina intaneti mfukoni. Siyo kwenye simu, simu kila mtu anayo. Mfukoni! Kidude cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, kinaitwa mifi. Ukitembea, intaneti inatembea. Ukikaa, nayo inakaa.

Nimekinunua dukani kwa Sefu. Kijana mzuri, tatizo mdomo. Kusajili laini, alama za vidole zikakataa mara nne. Nikamweleza kuwa ni kawaida yangu, hata mwaka ule wa vitambulisho mashine ilizimika yenyewe nilipoigusa. Sefu akasema mzee wangu, hayo ni mafuta ya chapati, akanipa sabuni na maji. Ya tano ikakubali. Naamini ilichoka.

Akanieleza mengi. Kwamba kidude hakitengenezi intaneti, kinaivuta kutoka mnarani na kuigawia vifaa kumi, basi. Kwamba pasipo na mtandao ni sawa na kubeba sabuni kweli. Kwamba bando likiisha limeisha, halina huruma. Nikamwambia mwanangu, mimi nimemaliza darasa la saba, na la nane nililiona kupitia dirishani. Jina la mtandao nimeweka ELIAMINI MKUU. Neno la siri siliandiki hapa. Devotha mke wangu huisoma shajara hii akidhani sijui.

Jumanne, 15 Julai. Chome, nyumbani.

Gari limeishia pale masika yalipokata barabara. Tukashuka, tukamalizia kwa miguu ndani ya ukungu. Nikawatoa hofu abiria wenzangu, nikawaambia wanatembea na intaneti. Mama mmoja mwenye debe kichwani akauliza kama inaweza kumpokea mzigo. Wivu.

Nimemkuta Irine anafunga begi. Irine ni mtoto wa marehemu dada yangu, tumemlea sisi. Alhamisi saa nne asubuhi ana usaili. Hospitali moja ya Dodoma inatafuta muuguzi, watamhoji kwa video. Miaka miwili tangu amalize chuo, miaka miwili anapalilia maharage na cheti kiko sandukuni. Maombi ametuma hata hesabu imepotea. Hawa ndio wa kwanza kumjibu. Basi alitaka kushuka Same kesho, alale kwa rafiki yake, ahojiwe kwenye mtandao wa uhakika.

Nikacheka. Ushuke kwa nini, nikamwuliza, wakati intaneti imepanda mlima kukufuata? Akaniuliza mjomba una uhakika? Nikamkumbusha ile ndege iliyopotea ukunguni nikaielekeza kwa kioo cha kunyolea mpaka ikapata njia. Akasema ndege hiyo hajawahi kuisikia. Kweli, alikuwa hajazaliwa. Akanitazama kidogo, akafungua begi, akaanza kutoa nguo moja moja.

Majaribio. Sebuleni: hakuna. Jikoni: hakuna. Zizini taa ikawaka, ng'ombe akageuka, ikazima. Hatimaye nikapanda lile jiwe kubwa lililo juu ya barabara iliyokatika. Ukisimama kileleni na kuinua mkono, taa ya kijani! Mistari minne! Irine akawasha kompyuta yake pale pale chini ya jiwe, ikafunguka, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Devotha akauliza kwa hiyo mtoto atahojiwa mawe-maweni kama mbuzi. Nikamjibu dunia ndiko inakokwenda.

Jumatano, 16 Julai.

Mzee Eliufoo, mwenyekiti wa kitongoji, ametangaza msaragambo kesho. Kila mtu mzima barabarani na jembe lake, tuzibe lile shimo magari yapite. Kuanzia baragumu la saa mbili hadi baragumu la saa saba. Ukishalishika jembe huliweki chini katikati, ndivyo walivyofanya babu zetu, na mtegaji hutajwa kwa jina mbele ya mkutano.

Mimi na jembe hatuelewani. Mgongo. Uliumia siku nilipozuia lori kwa bega kule Kileo. Nikiwa kwenye chai, wazo likaja lenyewe bila kuitwa: mchango wangu uwe intaneti!

Nikaenda kwa mzee. Shikamoo, marahaba, habari za mifugo. Nikamweleza kuwa Devotha atalima kwa jembe, Irine ana usaili wake, na mimi nitalima kwa mtandao. Watu wakiwa kazini simu zao zitapokea picha za ndugu walioko mbali, mabega yatakuwa mepesi, barabara itajengeka yenyewe. Mzee akaendelea kuchambua maharage. Mwishowe akauliza hicho kidude ni chombo cha kazi? Nikasema ni chombo, mzee, tena cha kisasa. Akasema haya, kitahesabiwa kama jembe. Nimerudi nikicheka peke yangu njiani.

Nafasi ni kumi. Moja ya Irine. Tisa nikazigawa kwa busara, na kufikia saa nane nilikuwa nimewaahidi watu ishirini na sita. Kisha akaja binamu yangu Anold na tableti yake kubwa kama sinia. Hakuomba. Alisema lete hilo neno la siri Eliamini, acha kujitia. Nikamwambia yeye ni wa ishirini na saba. Akajibu kwamba kufika saa tatu kidude changu kitakuwa kimekata roho. Wivu tena! Hewa ya Chome imejaa.

Alhamisi, 17 Julai. Jioni.

Mkono wa kulia hauinuki. Naandika kwa wa kushoto, ndiyo maana herufi zinalala.

Saa mbili baragumu likalia. Watu kama arobaini. Nikapanda jiweni, nikainua mifi kama mwenge. Makofi! Dakika tano baadaye mkono ukachoka, nikashusha. Mzee Eliufoo akapaza sauti kutoka chini: Eliamini, jembe haliwekwi chini. Nikadhani utani. Akauliza si umesema ni chombo cha kazi? Watu wote wakageuka kunitazama. Nikainua.

Basi wakaanza. Huyu anasema imekamata lakini haifungui. Yule anasema kwake kiduara kinazunguka tu kama pia. Nikawaeleza kitaalamu kuwa mmejaa mno, njia ni nyembamba, shukeni baadhi. Nikamshusha Anold wa kwanza. Wapi. Nikawashusha wengine watano. Wapi. Kufika saa tatu na nusu alibaki Irine peke yake kwenye ELIAMINI MKUU nzima, amekaa juu ya debe, kompyuta mapajani, blauzi nyeupe ameifunika kwa kitenge isichafuke tope. Kinazunguka.

Hakulia. Afadhali angelia. Alisema tu, taratibu, mjomba, kufika Same kwa miguu ni saa ngapi? Akijua jibu. Wote tulilijua. Nikasema subiri, wingu linapita. Nikainua na mkono wa pili.

Devotha akapandisha jembe begani, akapanda jiwe. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimetazama salio. Nikamwambia salio ni mambo ya mafundi. Akatoa simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka, akabonyeza mara mbili tatu, akaita Irine mwanangu panda huku, unganisha kwangu. Tukampandisha na kompyuta yake. Ikafunguka. Hivyo tu! Kwa kibando chake cha wiki, kile cha kutumiana nyimbo za kwaya!

Saa nne kasoro dakika sita, simu ya Devotha ikalia kuomba chaji. Asilimia saba. Nani unadhani alitoa pawabenki mfukoni? Anold. Akaipanda ile njia yote na magoti yake mabovu, akachomeka, akasema simfanyii Eliamini, namfanyia mtoto. Sitalijibu hilo.

Mzee Eliufoo akapuliza baragumu mara moja, fupi. Majembe arobaini yakasimama hewani. Mama mmoja akamziba kuku mdomo. Nikaanza kushusha mikono, mzee akanitikisia kichwa: hilo ni la kunyamaza, siyo la kumaliza. Nikabaki vile vile.

Wa Dodoma wakamwuliza mengi. Angefanya nini wagonjwa wawili mahututi wakifika pamoja naye zamuni yuko peke yake. Akajibu bila kubabaika, nusu sikuelewa, nusu nilijivunia. Mwishoni daktari mmoja wa kike akamwuliza, samahani dada, huyo mzee aliyesimama nyuma yako amenyoosha mikono juu, kuna usalama? Irine akageuka, akanitazama. Akasema ndiyo daktari, ni mjomba wangu, ananishikia mtandao. Wakacheka Dodoma nzima. Na yeye akacheka, usaili ukaisha kwa kicheko.

Alipofunga kompyuta watu walipiga kelele mpaka ndege wakatoka msituni. Kisha mzee akasema tumepoteza nusu saa, tutailipa. Baragumu la mwisho likalia saa saba na nusu. Nikashusha mikono. Iligoma kwanza.

Ijumaa, 18 Julai.

Saa tano simu ikalia. Irine alikuwa anakoroga makande. Akasikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, asante, kisha akakaa chini sakafuni na mwiko mkononi. Amepata! Anaripoti Dodoma mwezi ujao. Devotha alipiga kigelegele, majirani wakadhani ni uchumba.

Nimewaeleza watu saba hadi sasa jinsi mtambo wangu ulivyofanikisha. Wanne wamekubali. Watatu walikuwepo.

Na barabara inapitika. Lori la kwanza limepanda mchana. Dereva akapunga mkono, nami nikashindwa kuupunga wangu.

Jumapili, 20 Julai.

Baada ya ibada viongozi wa kwaya wamenifuata. Mwezi ujao wanakwenda Myamba kwenye tamasha, basi zima, watu thelathini na wawili. Mmoja akauliza, nadhani kwa utani, kama nitawashikia mtandao njiani. Nimekubali palepale. Watu thelathini na wawili kwa kidude cha watu kumi ni suala la kupokezana tu. Nitakaa juu ya basi. Nimeshachagua kofia.

Irine amenipikia chai leo, akanikanda mkono kwa mafuta ya moto kiuuguzi hasa. Akasema mjomba, usingeniambia nibaki nisingepata kicheko kile. Sikujua kama ni shukrani. Nimeichukua kama shukrani.

Sasa, Devotha, kwa kuwa unasoma. Hakukuwa na wingu wala msongamano. Jumatano jioni sikuandika yote. Nilipanda jiweni peke yangu na bando lote likaisha mikononi mwangu, nikitazama video za jamaa mmoja anayefundisha namna ya kuzuia bando lisiishe. Mtu anaeleza vizuri mno. Sehemu nne, ndefu ndefu. Liliisha akiwa ndiyo anaingia sehemu ya nne, ya jinsi ya kutazama salio.

Kesho nashuka Same kwa Sefu. Nanunua bando lingine nimalizie.