Taa za Gitaa la Kitinda

Jumatatu, 3 Juni

Sijui shajara huanzaje. Barua naijua. Basi naanza kama barua, tutaelewana mbele ya safari.

Kwako daftari, salamu nyingi sana. Mimi mzima, hofu ni kwako. Baba watoto anakusalimu, ingawa hajui kama upo. Yuko kazini kwenye tanuri la mikate, mgongo unamsumbua lakini sahani hairudi na kitu. Mama mkwe anakusalimu. Sikio la kulia limegoma kabisa, la kushoto linasikia linachotaka. Wanangu wakubwa wanakusalimu huko waliko kwa waume zao. Wangepiga simu ningewaambia. Kuku wanakusalimu wote, isipokuwa yule mwekundu ambaye tangu juzi anatazama ukuta tu. Kitinda, binti yangu wa mwisho, hakusalimu. Yuko chumbani analia.

Ndiyo maana nimekufungua.

Kitinda anapiga gitaa la umeme kwenye bendi. Miaka yote wamemsimamisha nyuma, karibu na pazia, unaona kiwiko tu. Sasa yule mpigaji wa mbele kahama. Jumamosi watajaribiwa wawili ukumbini, mbele ya watu: mwanangu, na kijana wa jirani yangu Mama Spika. (Tunamwita hivyo kwa sababu akinong'ona, mtaa wa pili wanaitika.) Mmoja atachukua nafasi. Mwingine arudi nyuma ya pazia mpaka azeeke.

Nimesimama mlangoni kwa bahati mbaya, sikio likiwa kwenye mbao kwa bahati mbaya pia. Kitinda alikuwa anamwambia rafiki yake kwenye simu kwamba kiongozi wa bendi kamwonya: Jumamosi asipotoa solo ya maana, basi tena.

Solo! Nikawaza sana. Ni sola. Mtoto akilia maneno hupinda mdomoni.

Na kiongozi ana akili, ukumbi ule umeme hukatika kila mara. Anataka gitaa lenye sola, lenye kujiwakia lenyewe. Kitu kidogo kama hicho, ndiyo mtoto alie? Si ana mama!


Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kwa fundi redio wa pale kona. Nikamwambia nataka afunge sola kwenye gitaa. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia hayo aulize bendi. Akasema jua liko nje na bendi iko ndani, sasa sola italamba nini? Kweli. Kiongozi hakuliwaza hilo. Nimemsamehe.

Fundi akasema kama ni lazima liwake, kuna taa za utepe, zinatumia betri. Mbao ya gitaa ni nzima, haina uwazi kama gitaa kavu. Kwa hiyo unachimba mfereji pembeni kuzunguka lote, unalaza utepe humo, unafunika na plastiki inayopitisha mwanga. Nyuma kuna kifuniko, ndani yake kuna nafasi ya nyaya. Betri zinakaa hapo hapo. Nikamwambia afanye. Akasema mpaka mwenye gitaa aje. Nikamwambia mimi ndiye niliyemzaa mwenye gitaa. Akasema hajawahi kupokea gitaa la mtu kutoka kwa tumbo lililomzaa. Mkosa adabu! Nikachukua utepe na swichi, nikaondoka. Akanipigia kelele kwa nyuma kwamba waya za sauti zisiguswe. Nani aziguse?

Njiani, Mama Spika. Akauliza nimebeba nini. Nikasema taa za banda la kuku. Akacheka, akasema afadhali kuku wangu waonekane, maana kuna wengine hata wakisimama jukwaani hawaonekani. Halafu akasema kijana wake ameshonewa shati linalometameta, mtu ukimtazama unafumba jicho moja.

Shati! Shati linang'aa kwa taa za watu. Wangu atang'aa kwa za kwake.

Jioni nikamdokeza Kitinda, kijanja, kwamba asihofu, solo itapatikana. Akanitazama kwa huruma. Akasema, mama, solo haipatikani dukani, inatoka moyoni. Watoto wa siku hizi. Umeme utoke moyoni!


Jumatano, 5 Juni

Kitinda kazini, anatoa fotokopi mpaka jioni. Baba watoto kalala, ametoka zamu. Nimechukua keekee yake na patasi.

Kwanza nimejaribu kwenye kibao cha kukatia mboga. Kibao kimetoboka, na meza iliyo chini yake imetoboka, na kitambaa cha meza kimejizungusha kwenye keekee kama mtoto anayekataa kwenda shule. Lakini mkono umezoea.

Nikafungua gitaa nyuma. Mungu wangu, utumbo! Waya nyeusi, nyeupe, nyingine haina rangi. Nimeogopa kidogo. Nikafunga. Nikafungua tena. Nikajiambia hata mtoto mwenyewe nilimzaa bila kujua vya ndani vimepangwaje.

Nimechimba mfereji. Polepole, pembeni, kama ninavyopinda ukingo wa mkate wa kujaza nyama. Sehemu moja patasi iliteleza, pana alama ya kama samaki. Nzuri tu.

Nikiwa katikati, mlango! Kitinda karudi mapema, mashine imekwama karatasi. Nimekimbia na gitaa chumbani kwa mama mkwe, nikalilaza kitandani ubavuni pake, nikalifunika shuka mpaka shingoni. Kitinda akaingia kumsalimia bibi yake. Akauliza nani huyo kalala na bibi. Nikasema shangazi wa mbali, hajisikii vizuri, ana homa. Mtoto wangu ana adabu. Akainama akaliambia gitaa lake, shikamoo shangazi. Gitaa kimya. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba shangazi amekonda sana. Nikasema ndivyo walivyo upande wa baba yako.

Mama mkwe kaamka, akauliza mbona shangazi ana nyuzi.

Jioni Kitinda alitaka kufanya mazoezi. Nilikuwa tayari nimezungusha utepe mweusi wa plasta juu ya mfereji. Nikamwambia ni kinga ya mchwa. Akavuta pumzi ndefu, hakubisha. Anajua mimi na mchwa hatupatani. Nyumbani hana spika, anapiga hivi hivi, nyuzi tu, tring tring. Nimemsikiliza nikiwa jikoni. Anapiga vizuri mpaka anapofika mahali fulani, halafu anajirudi, kama mtu anayetaka kuomba chumvi nyumba ya watu. Hapo ndipo sola itamsaidia.


Alhamisi, 6 Juni

Siku ya waya.

Nimelaza utepe mferejini. Umekaa kama umezaliwa humo. Nimefunika na plastiki ya jalada la picha za harusi yangu. Picha zenyewe zinaweza kukaa bila jalada, sisi hatubadiliki tena. Gundi. Nikabana na vibanio vya nguo.

Ndani, nafasi ya betri ni finyu. Kulikuwa na waya mmoja mwembamba umepita katikati, hauna adabu, hausogei. Nikauvuta kidogo. Ukatoka. Nikautazama, nao ukanitazama. Ungekuwa wa maana ungeshika vizuri. Nimeukunja nikauingiza pembeni na pamba, usije ukapata baridi.

Betri sikuwa nazo. Nimezitoa kwenye redio ya mama mkwe. Mchana akalalamika kwamba watangazaji wamegoma. Nikamwambia ndiyo, hata mimi nimesikia, wanadai haki yao. Akasema wana haki, wanaongea mno.

Baba watoto akauliza vitunguu vinapotelea wapi anapokata. Vinaangukia kwenye tundu la kibao, kisha la meza, kisha sakafuni. Nikamwambia ni vitunguu vya siku hizi.


Ijumaa, 7 Juni

Nimeingia na gitaa kabatini, nikajifungia na makoti. Swichi. Tik!

Limewaka! Lote! Kuzunguka lote, buluu, kama... sina la kulifananisha. Kama gitaa lenye taa. Nimelia kabatini. Nimejifuta na koti la baba watoto la msibani.

Swichi nimeiweka nyuma, chini, hataiona, na plasta nyeusi nimeirudisha juu ya taa. Mpango: kabla hajapanda jukwaani nitamkumbatia. Mama kumkumbatia mwanawe nani atashuku? Mkono mmoja unabandua plasta, mwingine tik. Nimefanya mazoezi kwa kumkumbatia baba watoto aliyeshika ufagio. Akauliza nimekosa nini. Nikasema sijakosa. Akauliza yeye amekosa nini.

Kitinda hakula. Anasema kama si kesho basi ataliuza gitaa, akae na fotokopi zake maisha yote. Moyo wangu! Nikataka kumwambia. Nikajiuma ulimi. Akapanda kitandani na viatu. Nimemvua viatu kama alipokuwa mdogo.


Jumamosi, 8 Juni

Daftari, keti chini.

Ukumbi umejaa. Mimi, baba watoto na mama mkwe safu ya mbele. Mama Spika safu hiyo hiyo, kajipaka mafuta mpaka anateleza kwenye kiti. Kijana wake akaanza. Shati kweli linawaka. Kapiga vizuri, nisiseme uongo, kama kinanda cha kuzungusha kwa mkono: sawa, sawa, sawa. Watu wakapiga makofi ya heshima. Mama Spika akaniambia polepole, ukumbi mzima ukasikia, kwamba nisivunjike moyo.

Nikaenda pembeni mwa jukwaa. Kitinda midomo mikavu. Nikamkumbatia. Krrr, plasta. Tik. Akasema mama unanibana. Nikasema ndiyo.

Akapanda. Watu, aaaah! Gitaa linawaka buluu kifuani kwa mwanangu! Mtu akapiga mluzi. Mama Spika mdomo wazi. Yeye mwenyewe Kitinda hakuona, macho kayafumba kwa hofu. Bendi ikaanza. Akapiga.

Kimya.

Yaani ngoma zinasikika, kinanda kinasikika, yeye hasikiki. Anazungusha vitufe. Gitaa likatoa rrrrrr kama jokofu bovu, kisha hata hilo likanyamaza. Akatazama chini. Akaona buluu. Akaona mfereji. Akaona samaki. Kisha akainua kichwa taratibu akanitazama mimi.

Nilimpungia mkono.

Sijawahi kuona uso ule. Nimemwona akiugua, akilia, akifeli hesabu; ule sijawahi. Watu wakaanza kucheka. Mama Spika akicheka zaidi ya wote, anajipiga paja. Mama mkwe akauliza kwa sauti, huyo si shangazi?

Basi Kitinda akalivua gitaa, akamwekea kijana wa Mama Spika, aliyebaki pembeni mwa jukwaa, mikononi kama mtu anayekukabidhi mtoto aliyejikojolea, akamvua la kwake shingoni bila kuomba. Akachomeka. Akasimama mbele kabisa, ananitazama mimi tu. Akapiga.

Daftari! Alipofika pale mahali pake pa kuomba chumvi, hakuomba. Alivunja mlango akaingia na kuchukua chumvi, na sufuria. Nyuzi zinalia, zinafoka, zinatukana! Nilijikuta nimeshika mkono wa Mama Spika, naye kaushika wangu. Kijana wake pale pembeni kashika taa yangu anaimulika bendi. Alipomaliza wote wakasimama. Baba watoto analia waziwazi, anajifuta na kofia ya mama yake.

Kiongozi akachukua kipaza sauti. Akasema siku zote binti huyu alikuwa anapiga kama anayeomba radhi, leo kapiga kama anayetaka kumpiga mtu. Akasema sijui nani kamkasirisha, ila huyo mtu namshukuru. Nafasi ni yake.

Niliinuka nikainama. Kulia, kushoto.


Jumapili, 9 Juni

Kitinda alikuwa hasemi nami. Chai kanywa amenipa mgongo. Baadaye akaja, akakaa, akaniuliza taratibu, kama muuguzi, nilikuwa nafikiri nini. Nikamwambia: sola. Kiongozi alitaka sola.

Kisha akanieleza. Solo si sola. Solo ni mpigaji kupiga peke yake, wengine wamfuate. Nikamwambia, sasa si ndicho kilichotokea? Katika bendi nzima nani mwingine alikuwa na taa? Akaficha uso mezani. Mabega yakatikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, mpaka akaingiza kidole kwenye tundu la meza akauliza na hili nini tena.

Fundi redio ameurudisha ule waya. Amesema mfereji hauzibiki, na alipouliza taa azing'oe, Kitinda akasema ziache. Aliniangalia kwa pembeni. Lakini nimeapishwa, mkono juu: sitagusa gitaa lake, wala kinanda, wala ngoma, wala chochote chenye sauti. Nimeapa. Mimi nikiapa nimeapa.

Jioni kiongozi alipita kumpa hongera. Nilikuwa nyuma ya mlango kwa bahati mbaya. Akasema mwezi ujao wamealikwa kupiga mbali sana, ila wana tatizo kubwa, hawana besi ya kunguruma kwa chini, na bila besi bendi haiendi popote. Mtu mzima, kiongozi, basi analiita besi! Maskini, amechoka. Kitinda akauma kucha, akasema sasa besi tutaipata wapi kwa muda mfupi hivi?

Basi si gitaa. Wala si kinanda wala ngoma. Lina sauti, lakini ya honi tu. Kiapo changu hakijaguswa.

Nimemwandikia ujumbe binamu yangu dereva, nauweka na hapa nisije nikausahau:

Binamu, salamu, sisi wazima. Lile basi lako kuukuu lililolala nyuma ya nyumba, usiliuze kama vyuma. Nakuja, nina jambo nalo. Taa nitaweka mwenyewe. Nijibu upesi, tena upesi sana, kabla Kitinda hajaanza kulia.