Mwenye Kofia ya Kijani

Jumatatu, 2 Machi 1936

Leo nimetimiza miaka thelathini na tisa kwa mara ya tano. Dada yangu Dorcas ameoka keki na kuchomeka mishumaa mingi kuliko tulivyokubaliana. Nimeing'oa minne kabla hajaiwasha.

Studio ya sinema kuna habari mbaya. Bwana Kittredge wa ofisi ya mikataba kaniita, kanikaribisha kiti. Hajawahi kunikaribisha kiti. Amesema wakubwa wanapunguza watu. Waigizaji wanawake wa kuchekesha pembeni tupo wawili, mimi na Lavinia Stroud, na nafasi ni moja. Watatupima kwa kicheko. Tarehe ishirini na mbili picha yetu ya harusi itaonyeshwa kwa majaribio huko Glendale, na watazamaji wataandika maoni kwenye kadi.

Nikiondolewa, shemeji yangu kule Indiana ana nafasi dukani kwake, upande wa chakula cha kuku.

Mimi, Hester Pruitt! Nimeshakuwa shangazi mara kumi na nane, mama mwenye nyumba mara kumi na moja, na maiti mara moja. Gazeti liliisifu sana maiti ile.

Jumatano, 4 Machi

Katika picha hii mimi ni shangazi wa bibi harusi, Lavinia ni shangazi wa bwana harusi. Yeye kavaa kofia ndogo ya kijani. Mimi nimevaa ya zambarau, pana kama sinia, imejaa manyoya. Kwa kofia nimemshinda. Tatizo ni maneno. Yeye ana mistari kumi na mmoja, mimi tisa.

Nimepata akili. Asubuhi nilimvuta Lavinia pembeni, nikamwambia kwa siri kwamba mwongozaji wetu, Bwana Rasmussen, anataka acheze kwa huzuni. Huzuni nzito, ya msibani. Nikasema kaniambia mimi kwa sababu anaona haya kumwambia mwenyewe. Lavinia akanitazama kidogo, akasema, "Ahsante, mwenzangu."

Mstari wake wa kwanza ulikuwa kuwaambia wageni kwamba mbwa kala keki ya harusi. Akausema polepole, macho chini, mkono kifuani, kama anayetangaza kifo cha askofu. Fundi wa taa aliyekuwa juu ya ngazi alicheka hadi ikabidi ashushwe. Rasmussen hacheki, ana ugonjwa wa tumbo, lakini akifurahi hujivuta sikio. Leo kalivuta mara mbili.

Mchana Lavinia kaniletea nusu ya sandwichi yake ya kuku. Nimeila. Adui akikupa kuku, kosa si la kuku.

Ijumaa, 6 Machi

Pilipili manga ndani ya leso. Mpango safi kabisa.

Leo ilikuwa hotuba ya Lavinia kwa bibi harusi, ndefu kuliko zote alizo nazo. Nilikusudia kupiga chafya mara tatu tu, katikati ya maneno yake matamu, macho yote yanigeukie. Ya kwanza ilikuja vizuri. Ya pili pia. Baada ya hapo sikuwa na usemi tena katika jambo lile. Nilipiga chafya kumi na nne. Nilijaribu kusimama wima, nikashindwa. Nilijaribu kutoka, nikagonga meza.

Lavinia alijaribu kuendelea. Kila akifungua kinywa, napiga chafya, anakifunga. Akatoa kitambaa akaifunika keki. Baadaye akamfunika bibi harusi.

Watu wote walikuwa wanafuta machozi. Rasmussen alivuta sikio hadi likawa jekundu, akasema hairudiwi, ibaki vilevile. Nikainama kushukuru. Ndipo fundi wa kamera akanigusa bega.

"Bi Hester, kwani unamshukuru nani? Wewe hukuwemo. Kamera ilikuwa usoni kwa Bi Lavinia tangu mwanzo."

Yaani nimetoa mapafu yangu nje ya picha, kwa faida ya mwanamke mwingine. Nimerudi nyumbani kwa tramu na pua kama nyanya. Abiria mmoja kanipisha kiti, akidhani nimefiwa.

Jumanne, 10 Machi

Chumba cha kulia cha studio ndicho shule yangu. Leo nimesikia kwamba mhariri wa picha yetu ni mgeni, Bwana Feeney, kaja wiki iliyopita kutoka New York. Hajui jina la mtu yeyote. Anashinda chumbani mwake gizani akikata na kuunganisha filamu, na maagizo yote anayapata kwa karatasi.

Kwa karatasi! Nimekaa chooni robo saa nikiandika kwa mkono wa kushoto: "Shangazi mwenye kofia ya kijani anachosha. Mkate popote unapoweza. R." Nikaitumbukiza kwenye sanduku lake la barua na kuondoka nikiimba.

Dorcas kauliza kwa nini vidole vyangu vina wino. Nimemwambia ni mambo ya sanaa.

Jumapili, 22 Machi

Glendale, saa nane mchana. Sikwenda mikono mitupu. Dorcas alileta wanawake kumi na wawili wa kwaya ya kanisa letu, tukawapanga safu ya nne na kuwafundisha kazi. Nikitokea tu kwenye picha, wacheke. Nikisema neno, wajipige makofi mapajani. Bi Eunice wa sauti ya tatu aliuliza kama kuchekea uongo ni dhambi. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, atachekea ukweli.

Picha ikaanza. Kwaya ikajiweka tayari. Harusi ikaingia. Lavinia akaingia, na kofia yake. Akakaa. Akazungumza. Watu wakacheka. Nikangoja akatwe. Hakukatwa.

Nikangoja nitokee. Ulipita mkono ulioshika sahani, nikautambua, ni wangu. Baadaye ukapita ukingo wa kofia yangu, ukatoweka. Basi. Wanawake kumi na wawili walikuwa wamekaa mapaja tayari, viganja hewani, hawajui wafanye nini.

Halafu ikaja hotuba ya Lavinia na chafya zangu. Ukumbi uliporomoka kwa vicheko. Mzee mmoja nyuma yangu alipoteza meno ya bandia, na watu wanne wakainama kumtafutia. Bi Eunice aliuliza kwa sauti ni mgonjwa gani huyo anayepiga chafya. Dorcas akasimama akatangaza, "Ni dada yangu!" Mlinzi akamwomba akae.

Nje mlangoni nilimsikia Bwana Feeney akijieleza kwa Rasmussen. Alisema aliletewa karatasi ya kumkata mwenye kofia ya kijani, akatii. Rasmussen akasema hajaandika karatasi yoyote, na zaidi ya hapo, picha hii haina rangi.

"Najua haina rangi," Feeney akasema. "Kwangu zote kijivu. Ndiyo maana nikamkata yule aliyevaa kichaka."

Nimeivua kofia ambayo sikuwa nimeivaa. Yaani nilijishika kichwa.

Jumatatu, 23 Machi

Nilikwenda kwa Kittredge nikiwa nimeshafikiria bei za mtama. Lavinia alikuwa ameketi pale, mkoba magotini.

Kittredge kasoma kadi. Arobaini na moja zimemtaja Lavinia. Sitini na tatu zimetaja chafya. Mimi sikutajwa na mtu, isipokuwa kadi moja iliyouliza ule mkono wenye sahani ni wa nani. Kittredge akasema wakubwa wanataka kumjua mpiga chafya. Lavinia akajibu kabla yangu.

"Ni Hester. Na mimi bila yeye siweki sahihi. Nikiwa peke yangu nilikuwa nasema maneno tu. Alipoanza kunisumbua ndipo watu wakacheka."

Tumebakizwa wote wawili, kwa mkataba mmoja wa watu wawili. Nilitoka nikaenda kulia kidogo kwenye stoo ya mapazia. Lavinia akanifuata na leso, safi, haina pilipili. Nilitaka kumwambia kuhusu karatasi. Nilifungua kinywa kabisa.

"Usihangaike," akasema. "Feeney kanionyesha ile karatasi. Mwandiko wako naujua, hata ukiandika kwa mguu. Na ile ya huzuni pia nilijua si ya Rasmussen. Lakini lilikuwa wazo zuri, nikalitumia."

Akanialika chakula cha mchana Jumapili kwake. Nyama ya kuokwa na viazi. Nimekubali.

Jumanne, 24 Machi

Nimefikiri usiku kucha na sasa nimeelewa. Mtu hafanyi wema mkubwa namna ile bure. Lavinia ananiogopa.

Alhamisi, 26 Machi

Picha mpya. Mambo ya mashambani, ng'ombe, vumbi. Mimi na Lavinia ni wajane wawili wanaogombea shamba. Kittredge katuita, akaeleza kwamba mjane mmoja anaingia kwa gari la kukokotwa, na mwingine anaingia mbio juu ya farasi, kamera usoni kwake muda wote. Akauliza nani anaweza kupanda.

Lavinia akasema waziwazi kwamba anawaogopa farasi tangu utoto, apewe gari. Mtu gani anasema ukweli ndani ya ofisi ya mikataba? Nikamhurumia. Nikasema mimi nimelelewa mgongoni mwa farasi, huko Indiana ndivyo tunavyokwenda kanisani. Kittredge akaandika. Lavinia akaniuliza taratibu, "Hester, una hakika?" Wivu, dhahiri.

Tunaanza Jumatatu. Dorcas kaniuliza kama nimewahi hata kumgusa farasi. Nimemwambia mambo ya kitaalamu hayamhusu.

Jirani yetu ana mbwa mkubwa sana. Kesho asubuhi nitaanzia hapo.