Karafuu Kwenye Friji

Jamaa zangu wa darsa, leo nimeaibika. Nimeaibika nyumbani kwangu mwenyewe, nimevaa kanzu safi, mbele ya watu waliokuja kumposa binti yangu. Nawaeleza mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana Mtaa wa Sikukuu habari hailali ndani.

Friji yetu mnaijua. (Nani asiyeijua? Nusu yenu samaki wenu wamelala humo.) Alhamdulillahi, ni neema, na mimi na mke wangu Bi Tatu hatujamnyima mtu barafu. Lakini neema ina kazi yake. Kule juu barafu ilikuwa imeganda kama ukuta, trei zimenasa hazitoki, na vibua vya Feri vimeacha shombo la kutosha mtaa mzima.

Na leo ndiyo siku waliyokuja wageni kutoka Magomeni: Bi Zuhura, mama wa kijana, na shemeji yake Mzee Kombo. Binti yetu Salma anampenda huyo kijana, na jambo lote lilikuwa linangoja neno la Bi Zuhura. Baba wa kijana alifariki mwaka jana. Kazi yangu pale msikitini ni kuosha maiti, mnajua. Nilimwosha mimi.

Asubuhi Bi Tatu alikuwa anakwenda sokoni kutafuta nazi. Akanipa maagizo mlangoni.

"Baba Salma, izime friji, iache iyeyuke yenyewe. Usiichokonoe kwa kisu! Halafu ifute kwa ndimu, maana sabuni hakuna dukani. Ukimaliza weka karafuu kidogo ndani, iondoe shombo."

"Nimesikia," nikasema. (Nilisikia kweli. Ndiyo balaa lenyewe.)

Nikaizima. Nikaweka bakuli la maji ya moto ndani, nikakaa mbele yake na tasbihi yangu. Barafu ikaanguka vipandevipande bila kuguswa. Nikapangusa kila pembe kwa ndimu, mpaka ule mpira wa mlangoni. Nikaosha trei, nikazijaza maji yaliyochemshwa na kuchujwa. Nikajiona fundi! (Ningejua, ningeishia hapo.)

Ikabaki karafuu. Sasa jamaa zangu, kwa mtu wa kazi yangu karafuu ni moja tu. Ile nyeupe, ya kopo. Watu wengine huiita karafuu maiti, lakini mimi hilo neno la pili niliacha kulitamka zamani, kwa kuwa sina karafuu nyingine. Nikamimina kwenye kisahani. Nikaongeza kidogo, shombo lilikuwa kali. Nikakiweka ubavuni mwa trei, nikawasha friji na kufunga mlango. Harufu? Sikusikia harufu yoyote. Pua yangu imekwisha kuzoea.

Baada ya sala ya alasiri wageni wakafika. Bi Tatu alikuwa jikoni na pilau lake, nikamwambia atulie, vinywaji nitatengeneza mimi. Nikakamua ndimu, nikatia sukari tuliyoipangia foleni, nikatoa barafu. Zilichomoka zenyewe, jamani! Safi kama kioo! Nikawapa wageni kwa mikono miwili.

Mzee Kombo akanywa funda moja. Akaitazama gilasi. Akanong'ona, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

Nikasimama wima. Ni mazoea. "Nani amefariki?"

"Sijui, ndugu yangu," akasema. "Nakungoja wewe uniambie."

Nikageuka kwa Bi Zuhura. Naye alikuwa amekunywa. Gilasi ameiweka mkekani, upindo wa kanga usoni, mabega yanatetemeka. Bi Tatu akaingia na sinia, akanusa, akasimama. Akaenda moja kwa moja kufungua friji.

"Baba Salma! Umeweka nini humu?"

"Karafuu, kama ulivyosema."

"Karafuu ya pilau, mwanamume wewe! Ya pilau!"

Nyuma ya pazia nikamsikia Salma akianza kulia.

Nikakaa chini mbele ya Bi Zuhura. "Nisamehe, dada yangu. Sikukusudia kukurudisha msibani."

Akafuta macho. "Siku ile mlipomtoa, harufu hii ndiyo iliyobaki chumbani. Nimekaa nayo eda nzima. Sikudhani leo nitainywa."

Nikainamisha kichwa.

"Lakini Mzee Shomari," akaendelea, "mume wangu ulimwosha vizuri, Mungu akulipe. Mimi si halali yako kuniosha. Na isitoshe, sijafa!"

Mzee Kombo akaangua kicheko mpaka kofia ikamwanguka. Bi Zuhura akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilishindwa kucheka.

"Na posa?" Bi Tatu akauliza kwa sauti ndogo.

"Posa tumekuja nayo, tunaiacha hapahapa. Ila siku ya harusi huyu bwana asisogee karibu na friji."

Kilio nyuma ya pazia kikakatika ghafla.

Sasa wameondoka. Friji imezimwa tena, mlango wazi, nami niko mbele yake na ndimu. Bi Tatu amezisugua trei mpaka amechoka, na bado anasema inanuka. Mimi nanusa, nanusa, sisikii kitu. Hilo ndilo linaloniuma. Harufu inayomliza mjane wa watu, kwangu imekuwa kama hewa tu. Namwomba Mola anirudishie pua, hata kwa siku moja moja.

Vibua vyenu nimevihamishia kwa jirani, kavichukueni. Na tafadhali msinicheke. Atakayeshindwa kujizuia, akumbuke tu siku yake ikifika ataitwa nani, na kopo la karafuu liko kwa nani.