Mfungwa Mwenye Gari Lake

Vienna, Jumatatu, 8 Februari 1886

Natamka wazi, na nitalitetea mbele ya yeyote: Nyumba ya Mabibi, wanamotawishwa mabinti wa kikabaila wasioolewa, ni gereza. Nimehitimu falsafa, sibahatishi. Mfungwa ninayemjua ni Kontesa Kreszentia, mwanafunzi wangu wa Kigiriki. Gauni jeusi, msalaba kifuani, macho yanayoomba msaada. Wajinga huyaona yana usingizi tu! Nitamwokoa, kisha nitamwoa. Mpinzani: Luteni Egon. Farasi mzuri, kitabu hajafungua.

Jumatano, 10 Februari

Nimeazima ngazi. Mchana kweupe, kwa kuwa haki haijifichi, nikapanda hadi dirishani pake. Chumba kitupu! Nikagonga kioo, nikamwita kwa Kigiriki. Akaniitikia kutoka chini. Alikuwa anashuka kwenye gari lake la farasi, ametoka kuteleza barafuni, Luteni kambebea viatu vya kutelezea. Akauliza kama Mwalimu anazibua mfereji wa paa. Luteni akamwambia aniache nipande, maana huenda nisipande cheo kingine maishani. Mshenzi! Nikatangaza, bado nikiwa juu, kwamba nimekuja kumfungua. Kontesa akacheka hadi akaegemea gurudumu. Akasema lango liko wazi tangu asubuhi.

Ijumaa, 12 Februari

Leo Kontesa amenieleza, kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. Kwa baba yake asingevuka hata barabara bila shangazi ubavuni. Humu, kwa kuwa nasaba yake haina doa, huitwa Bibi kama aliyeolewa; ana posho, gari, na kiti chake maalumu katika jumba la opera. Kutoka ni ruhusa. Siku ya harusi, lakini, vyote hurudishwa.

Nikamposa papo hapo. Akauliza, kwa upole wa kutisha, mimi nina kiti gani opera. Nikakiri kwamba husimama, juu kabisa, karibu na dari. Basi Mwalimu aendelee kusimama, akasema, hewa ya huko ni nzuri kwa wenye fikra. Tukarudi kwenye Kigiriki. Nilikosea mara nyingi. Yeye hakukosea.

Jumapili, 14 Februari

Ushindi! Luteni naye kaposa, naye kakataliwa! Kaniambia mwenyewe mkahawani. Kaniita ndugu yake, kaidondoshea keki yangu machozi mpaka ikalowa. Maskini, hajui kwamba kakataliwa kwa ajili yangu. Mwanamke huru angemchukua mwenye farasi. Anayemkataa hata huyo, lazima moyo wake uko kwa mwingine na mwili wake uko kifungoni. Mantiki haina upenyo.

Makala yangu imekwenda gazetini. Ninamtaka Kontesa Kreszentia ajibu hadharani, kwa jina lake kamili, kabla ya Kwaresima: nani amemfunga? Akikana, nitaitambua sauti ya mfungwa. Akinyamaza, mji mzima utajua kwamba amezibwa mdomo. Ajibu!