Kioo Kimoja, Wasichana Watatu

Jumatatu, 4 Machi
Andika, mkwe wangu, na usicheke. Leo nimesimama mlango wa bafuni na taulo begani mpaka miguu ikafa ganzi. Ndani yuko mpangaji wangu Mwanasheria. Bado anasoma chuo, lakini kwa ubishi kesha kuwa hakimu. Anapaka wanja! Na jirani wa geti jekundu anawachekea wasichana wangu, eti kwake kila chumba kina kioo. Wakihama nitampangisha nani, panya? Basi nimeking'oa kioo cha bafuni, kiko chini ya kitanda. Foleni kwisha. Akili ninayo!

Jumanne, 5 Machi
Balaa. Mwanasheria katoka nyusi moja juu, nyingine yaelekea sikioni. Leo ana mtihani wa kujieleza mbele ya walimu. Kasema asipojipaka vizuri sauti haitoki. Mgeni, mpangaji wangu wa pili, yule wa ng'ambo, kasema kwao kuingia darasani uso mtupu ni kumdharau mwalimu. Mpole, wa tatu, kasema kwao ni kinyume, mama yake akimwona na rangi ya mdomo atalia. Ndiyo maana hujipaka huku, hunawa kabla ya simu ya video. Nikawaambia mimi huosha uso kwa maji tu na nimeolewa mara mbili. Wa kwanza alikuwa fundi viatu, mtu mzuri, ila miguu yake... haya, mkwe, naendelea. Kugeuka hivi, wote wako geti jekundu wanajipaka! Wamerudi, na chai wamekunywa huko huko.

Alhamisi, 7 Machi
Mbinu mpya: nijipake na mimi, wanione mwenzao. Nikaazima wanja wa Mpole. Jirani kaniuliza nani kanipiga. Mwanasheria kanihurumia, kanifuta, kanipaka upya. Mama wee! Mgongo ukanyooka. Nikamfokea muuza maji na wala sina hasira. Kisha wakaniambia kwa adabu: bibi, kioo kirudi, au Jumamosi tunahama.

Jumamosi, 9 Machi
Kioo nimerudisha, mabegi wakafungua. Asubuhi nikaingia kujitengeneza kidogo tu. Wakagonga. Wakagonga tena. Nikawajibu mtu haharakishwi akitengeneza uso wake. Natoka, wanavuka barabara na mabegi, na jirani kafungua geti lote! Vijana hawana subira. Ila kosa nimeshaliona: taa ya bafuni inawaka mno, inamchelewesha mtu. Kesho naitoa, watarudi. Mkwe anauliza gizani nitajipakaje. Huyu naye! Uso huu ninao tangu kuzaliwa, nitaukosa vipi?