Meli Iliyogongwa Ikiwa Imeshafika

Idara ya Vyombo vya Majini inautangazia umma kwamba meli ya mvuke haikugongwa na meli nyingine baharini saa nne na nusu asubuhi. Kwa mujibu wa ratiba, saa hiyo ilikuwa imeshatia nanga tangu saa tatu.

Tangazo lilibandikwa ubavuni mwa meli yenyewe, pembeni ya tundu ambalo ng'ombe angepita bila kuinama. Mama Cheche, fundi wa kuchomelea, alilisoma mara mbili. Mumewe ndiye mchochea makaa humo ndani, hatua tatu kutoka kwenye tundu, na kesho meli inaondoka tena. Akapanda ofisini kwa Mkurugenzi wa Idara.

"Bosi, nitilie saini nizibe."

"Uzibe nini?"

"Tundu la ajali."

Mkurugenzi akamwonea huruma. Elimu haikumfikia kila mtu, jamani. "Mama, ukiliziba, umekiri ajali. Ukikiri ajali, umekiri meli ilichelewa. Meli yetu haijachelewa miaka kumi na moja! Kesho mwenyewe nasafiri nayo kupokea tuzo ya kufika kwa wakati."

"Na maji je?"

"Maji hayamo kwenye ratiba."

Mama Cheche akashuka ngazi. Alikata tiketi, akapanda na mtungi wake wa gesi na bamba la chuma.

Kesho yake, saa nne na nusu, meli ndiyo kwanza inatoka bandarini. Mkurugenzi akatoka mbio daraja la kwanza, viatu mkononi, suruali imelowa.

"Fundi! Tunazama! Ziba!"

"Tunazamaje, bosi? Tulishafika tangu saa tatu. Saa hizi uko jukwaani unapigiwa makofi."

"Nakuomba, dada yangu!"

"Tia saini basi."

Akatia, juu ya mgongo wa nahodha. Abiria wakahamia upande wa pili ili tundu liinuke juu ya maji. Mkurugenzi, kwa kitambi chake, akahesabiwa wawili. Mume akashika bamba kwa ndani, Mama Cheche akachomelea huku akimgombeza kwa furaha.

Wakafika saa kumi jioni. Ukumbi wa tuzo ulikuwa mtupu, mlinzi anakunja viti.

"Nimefuata tuzo yangu," Mkurugenzi akasema.

Mlinzi akafungua daftari. "Imeandikwa hapa, mzee. Mkurugenzi alifika saa tatu, akapokea, akashukuru, akaondoka."

"Lakini Mkurugenzi ni mimi!"

Mlinzi akaitazama ile suruali iliyolowa.

"Haiwezekani, mzee. Yule hajawahi kuchelewa."